Sanamu Inayokunja Magoti

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Daftari hili nililinunua la kuandika tarehe za mti tu: gogo gani limekatwa lini na litakauka lini. Leo naandika jambo jingine, maana limenikaa kichwani tangu asubuhi.

Badawy, mwenye duka la vyombo na vitu vya shule karibu na soko la Voi, alikuja kwenye banda letu la uchongaji na sanamu ya plastiki ndani ya mfuko wa karatasi. Ni ya yule shujaa mwenye mbawa, wa filamu iliyoonyeshwa kwenye kibanda cha video likizo iliyopita. Kaka yake Badawy aliileta kutoka Dubai akampa Firdaus, binti wa Badawy mwenye miaka minane.

"Fundi Nzioka, itazame vyema," akaniambia. "Nipe uzuri wake na ubaya wake. Kila mtoto aingiaye dukani aililia. Nataka za mti. Nyingine za kuchezewa, nyingine za kuwekwa kabatini zipendeze."

Nikaitazama kama ninavyotazama kazi ya fundi mwenzangu. Urefu wake ni shibiri moja. Uso umepakwa rangi ovyo, jicho moja limeteremkia shavuni. Upanga unapinda kama jani la kitunguu. Mbawa zinaivuta nyuma, kwa hiyo haisimami bila kuegemezwa. Kwa pambo nikaipa alama tatu kwa kumi. Lakini mabega yanazunguka, viwiko vinakunja, na magoti pia. Kwa mchezo sikujua niipe alama gani. Miaka ishirini nimechonga twiga na simba kwa ajili ya watalii wa Tsavo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama twiga wangu anaweza kupiga magoti.

Kiilu, ndugu yangu mdogo, aliacha kupiga msasa akaja kuangalia. Nimemfundisha kazi hii tangu ana miaka kumi na mitano; sasa ana ishirini na minne. Akaishika ile sanamu, akaikalisha juu ya goti lake, akacheka.

"Kila mmoja aniletee sampuli yake," Badawy akasema. "Itakayopendeza ndiyo nitakayoagiza mpaka Krismasi."

Nilidhani anatania. Kila mmoja? Banda ni langu.

Jumatano, 4 Oktoba

Kiilu ameifungua kwa bisibisi ile plastiki aliyotuachia Badawy. Nikamwambia ataivunja na atailipa yeye. Akanionyesha kilichomo: kipande cha mpira kimepita kifuani kikashika miguu yote miwili.

"Ni mpira tu, kaka! Mimi nilidhani kuna mashine."

Hakuivunja. Laiti angeivunja.

Jumamosi, 7 Oktoba

Joto. Hakuna mawingu hata upande wa milimani.

Jumanne, 10 Oktoba

Yangu imekwisha. Nimeichonga kwa mti wa muhugu, kipande kimoja kuanzia kisogo hadi unyayo. Kila unyoya wa mbawa nimeuchora kwa ncha ya patasi, mia na kumi na nne. Inasimama yenyewe hata ukiigonga meza. Uso nimetulia nao siku mbili, na ukiutazama unaona mtu ambaye amepigana na amechoka na bado hatarudi nyuma.

Ya Kiilu ni ya mjakaranda. Uso haufanani na kitu. Mikono ameifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Peris, mke wangu, alikuja na chai, akaishika, akaipigisha saluti, akaikalisha kwenye ukingo wa kikombe.

"Baba Mwende, ona huyu!" akaniambia akicheka. "Anakunywa chai na sisi."

Yangu aliipangusa vumbi tu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Tulikwenda dukani kwa Badawy saa nne. Mkewe, Mwanamina, alitoka nyuma akiwa bado na unga mikononi. Alipoiona yangu akasema, "Mashallah, hii kazi!" Akaichukua kwa ncha za vidole akaiweka kwenye kabati la kioo, kati ya birika la fedha na vikombe vya harusi. Moyo wangu ukanenepa.

Kisha wakamwita Firdaus. Alisimama mbele ya kabati akaitazama yangu kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya babu ya mtu mwingine. Akageuka, akaona ya Kiilu juu ya kaunta. Akaishika. Akaipigisha magoti. Akaikalisha, akailaza, akaiamsha. Akairusha kutoka kaunta, ikaanguka sakafuni kwa mlio uliomfanya mamake ashtuke. Akaiokota. Haikuwa na hata mkwaruzo.

"Baba, huyu ajua kusujudu," akasema.

Wote wakacheka. Badawy aliniangalia na nikaona ananionea huruma, jambo baya kuliko kucheka.

"Fundi, yako ni ya kabatini, haina mpinzani. Lakini kabati ninalo moja, na watoto ni wengi." Akamgeukia Kiilu. "Nifanyie arubaini. Nusu mwisho wa Novemba, nusu kabla ya Krismasi."

Arubaini. Kwa ile sura isiyofanana na kitu.

Njiani Kiilu alisema, "Kaka, bila wewe nisingejua hata kushika tezo." Alisema kwa moyo safi. Nilimjibu kwamba jua ni kali, tuharakishe.

Jumapili, 15 Oktoba

Baada ya ibada watu watatu walinisimamisha. Mmoja alikuwa Mwalimu Ajiambo, anayefundisha chekechea karibu na nyumba za reli. Nilifikiri anataka kuniamkia.

"Wewe ndiye ndugu yake Kiilu?" akaniuliza.

Ndugu yake Kiilu. Miaka ishirini Voi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Peris anamshonea Kiilu vijoho vya shujaa kutokana na mabaki ya vitenge. Anakaa bandani, si nyumbani. Wanabishana kuhusu rangi. "Shemeji, nyekundu!" "Hapana shemeji, mfalme huvaa bluu." Nimechonga twiga wawili leo na hakuna aliyeniuliza shingo zao nimezikunja upande gani.

Jumanne, 24 Oktoba

Mwalimu Ajiambo alikuja kuangalia sanamu za Kiilu. Alizikagua zaidi ya nilivyoikagua ile plastiki. Alivuta mikono kuona kama itachomoka, akapitisha kidole kila pembe kutafuta kijiti cha kuchoma, akauliza kama rangi inatoka mtoto akiilamba. Kiilu akailamba mwenyewe mbele yake. Mwalimu akacheka mpaka akashika kiuno. Anataka sita za darasa lake.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. Hakunitupia hata jicho.

Jumatano, 1 Novemba

Mvua imeanza. Ilishuka kutoka milima ya Taita saa tisa, ikapiga mabati hata hatukusikiana. Kila mtu alifurahi. Nami nilifurahi, mpaka hili ninaloandika hapa.

Kiilu alikuja akitiririka maji. "Kaka, mjakaranda wangu umeisha. Nipe ule mkavu wa Machi. Ndio unatosha hizo ishirini za kwanza."

Mti wote ninautunza mimi. Kuna rundo la Machi, limekaa chini ya paa miezi minane, ukiligonga linalia kama kengele. Na kuna rundo la Septemba tuliloleta kutoka Chawia kwa mkokoteni, bichi, zito, bado lina maji ndani. Kila kipande nimekiandika mwezi wake kwa chaki kwenye ncha.

Kiilu hajui kuuchagua mti. Kosa ni langu. Miaka yote hii nimemchagulia mimi, na labda hata hapo kulikuwa na kitu ndani yangu kilichopenda kubaki na kijambo kimoja asichokijua.

Nikamwambia, "Subiri, nitakutolea."

Nilikwenda nyuma. Nilisimama kati ya yale marundo mawili. Naandika ukweli: sikupitiwa, wala giza la mvua halikunidanganya. Nilichukua kisu nikakwangua chaki ya Septemba kwenye kila ncha, vipande kumi na viwili. Nikalifunika rundo la Machi kwa magunia ya mkonge. Kisha nikambebea ule mbichi hadi alipokuwa, mikononi mwangu mwenyewe, nikauweka miguuni pake.

"Mzito kidogo," akasema.

"Ni unyevu wa mvua."

"Asante, kaka." Hakuugonga hata mara moja.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua. Nilitaka kumwambia. Akaanza kupiga mluzi, nikaacha.

Jumatano, 8 Novemba

"Kaka, mti huu unachongeka kama muhogo!" ameniambia. Anamaliza mbili kwa siku. Mti mbichi ndiyo tabia yake: unakubembeleza ukiwa chini ya tezo, unakulipiza baadaye. Mvua haijakatika, na unyevu huu unauweka vilevile. Hautapasuka mpaka jua lirudi. Nimejikuta naomba mvua kama mkulima.

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua. Barabara ya Mwatate imekatika. Watalii hakuna. Kazi iliyoko bandani ni ya Kiilu peke yake, na ugali tunaokula ni wa Kiilu.

Jumamosi, 18 Novemba

Leo amefanya jambo lililonichoma. Amezipanga sanamu zote juu ya benchi, zote zimepiga goti moja, zote zinatazama upande nilipokaa. "Wanakusalimu, mwalimu wao," akasema. Peris akapiga makofi.

Nikamwambia nyuso zao ni mbaya. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Akaziangalia, tabasamu likamtoka.

"Ni kweli," akasema. "Nifundishe basi uso."

Nikasema nina kazi. Sina kazi yoyote.

Jumanne, 28 Novemba

Amepeleka ishirini kwa Badawy na sita kwa Mwalimu Ajiambo. Mvua imekatika jana.

Alhamisi, 30 Novemba

Jua.

Jumamosi, 2 Desemba

Jua kali. Matope yamekuwa vumbi. Kila mtu akiingia bandani natazama kwanza amebeba nini.

Jumanne, 5 Desemba

Badawy amekuja na gunia. Hakuamkia. Alilimwaga kwenye benchi.

Zimepasuka. Nyingine kifuani kutoka shingo hadi kitovu, nyingine miguu imejigawa kama kuni. Tyubu zimelegea kwa sababu mashimo yamepanuka. Moja ilikuwa na damu iliyokauka kwenye ufa.

"Firdaus alikuwa akiikunja goti," Badawy akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Likavunjika mkononi. Kijiti kimeingia kiganjani chote. Mamake akakitoa, tukadhani kimekwisha. Jana mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Yuko hospitali. Daktari asema kipande kimesalia ndani, wampasua leo."

Kiilu alikuwa amekauka kama hizo sanamu. "Mzee Badawy, mimi…"

"Mimi nimewauzia watu kitu hiki! Watoto wa watu! Nimekuamini kwa kuwa umetoka mkononi mwa Nzioka." Akanigeukia. "Fundi, wewe waujua mti. Huyu amefanya nini?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Sijui."

Kiilu akasema, "Ni mimi. Labda nimechonga nyembamba sana. Labda mashimo nimetoboa makubwa. Ni kosa langu, mzee. Nisamehe."

Badawy aliondoka bila kuchukua gunia lake. Kiilu alikaa chini akaanza kuziunganisha kwa gundi, moja baada ya nyingine. Nilitoka nje nikamwacha na gundi yake.

Jumatano, 6 Desemba

Firdaus amepasuliwa, kipande kimetoka. Mkono hautakatwa. Nilikuwa sijui hata kwamba jambo hilo lilifikiriwa, mpaka Peris aliponiambia kwamba limepita.

Mwalimu Ajiambo amerudisha zile sita. Hakumgombeza Kiilu. Aliziacha mlangoni kwenye katoni.

Ijumaa, 8 Desemba

Kiilu ameondoka. Amekwenda Makwasinyi kwa shangazi yetu, kumsaidia kupalilia. Tezo lake ameliacha juu ya benchi. "Mimi si fundi, kaka," alisema. "Wewe ulijua siku zote, ni kwa huruma tu ulininyamazia."

Sasa banda ni langu peke yangu, kama nilivyotaka. Nimekaa ndani yake kutwa bila kuchonga kitu.

Jumapili, 10 Desemba

Kuku wetu mmoja amekuwa akitaga mahali tusipopajua. Leo baada ya ibada Peris alimfuata, akaingia nyuma ya banda, akainua magunia ya mkonge. Nilimsikia akinyamaza. Mtu unaweza kumsikia akinyamaza, ukiwa umeoana naye miaka kumi na miwili.

Alitoka na mayai manne kwenye leso.

"Baba Mwende. Mti wa Machi uko pale. Wote. Chaki iko juu yake."

Nikayahesabu mayai.

"Kiilu alichonga mti gani?"

Akayaweka mayai chini taratibu, moja moja, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na hatia. "Mtoto wa watu amelazwa," akasema. "Na ndugu yako analima majani akidhani mikono yake ina laana. Kwa nini?"

Nilitafuta sababu kubwa ya kumpa, inayolingana na ubaya wenyewe. Sikuipata. "Ulikunywa chai na sanamu yake," nikasema.

Akaikunja leso yake. "Kesho uende Makwasinyi," akasema. "Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi."

Jumatatu, 11 Desemba

Nilianzia kwa Badawy, kwa sababu nilijua nikitoka Makwasinyi sitakuwa na nguvu zilizobaki. Nilimwambia mbele ya Mwanamina. Nilieleza yote, hata habari ya kukwangua chaki.

Badawy hakupaza sauti. Mwanamina ndiye aliyesema. "Mwanangu alilia siku tatu, fundi. Na siku zote tatu aniuliza kama Kiilu amemkasirikia." Kisha akafungua kabati la kioo, akaitoa sanamu yangu, akanipa. "Ichukue. Sitaki niione kila nikipita."

Sikuichukua kwa haraka, na yeye hakurudisha mkono. Nikaipokea.

"Za watu nitazitengeneza upya," nikamwambia Badawy. "Zote, za mti mkavu. Sitaki malipo."

"Utazifanya wewe? Wajua kuifanya ikunje goti?"

Sikujua. Nikasema nitajifunza.

Jumanne, 12 Desemba

Asubuhi nilipanda lori la kwenda Kasigau, linalopita Makwasinyi, nikiwa nimeweka kapuni tezo la Kiilu, tyubu kidogo na vipande viwili vya mjakaranda. Makwasinyi kulikuwa kijani kitupu. Nilimkuta katikati ya mahindi ya shangazi, ameinama na jembe. Alinyooka, akatabasamu aliponiona. Hilo tabasamu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Nikamwambia hapo hapo, nikiwa nimesimama kwenye tuta. Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini.

"Kwa hiyo haikuwa mashimo," akasema mwishowe.

"Mashimo yalikuwa sawa."

"Wala wembamba."

"Kazi ilikuwa nzuri, Kiilu. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Ndiyo maana."

Akageuka akaendelea kupalilia. Alimaliza mstari mzima hadi mwisho, akarudi na mwingine. Jua lilikuwa utosini. Sikuthubutu kukaa. Alipofika tena nilipo akasema, bila kuniangalia, "Ungeniambia tu unataka ile kazi, kaka. Ningekupa. Mimi nilikuwa nafurahi kwa sababu wewe upo."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikayapunguza baadaye.

Shangazi alitupa uji. Nikamwambia Kiilu kuhusu ahadi yangu kwa Badawy, na kwamba goti linanishinda. Nilidhani atanifukuza. Alichukua tezo lake kapuni, akalipima mkononi, akaokota kipande cha ukuni jikoni.

"Shimo usilitoboe katikati," akasema. "Litoboe nyuma kidogo, ndio goti likikunja lisibanwe na paja. Na tyubu ivute mpaka iimbe, halafu uiachie nusu kidole."

Alinionyesha mara tatu. Mara ya tatu nilifanya mwenyewe, goti likakunja. Kisha nikavichukua vile vipande viwili, kimoja cha Machi na kimoja cha Septemba, nikavigonga kwa kifundo cha kidole mbele yake. Nikampa. Akagonga, akasogeza sikio. Akagonga tena. Nikaona uso wake unabadilika.

"Hii inalia," akasema. "Na hii imenyamaza."

"Hiyo ndiyo yote. Nilipaswa kukuambia miaka tisa iliyopita."

"Ungeniambia," akakubali.

Nilimwomba turudi wote. Akatikisa kichwa. Atarudi Voi Januari, akasema, lakini atafungua banda lake upande wa pili wa barabara.

"Mti nitakuwa nachagua mwenyewe."

Jumamosi, 16 Desemba

Nimetengeneza tisa. Mkono unauma.

Jumanne, 19 Desemba

Kumi na nane. Peris ananiletea chai na kuondoka. Vijoho ameshona, ameviacha kwenye kikapu mlangoni. Goti la Kiilu ni werevu mtupu, na kila ninapolitoboa naona wivu upya. Nilidhani ukikiri unaisha. Hauishi. Unakaa tu pembeni, nami naendelea kutoboa.

Jumamosi, 23 Desemba

Asubuhi nilimwachia Mwalimu Ajiambo zake sita. Kisha nikapeleka ishirini dukani. Badawy alizikagua moja moja, akakunja kila goti, akapitisha kidole kila ukingo, na mimi nikasimama kama mtoto anayesubiri ripoti. Kisha akazipanga kwenye rafu ya chini, ambako watoto wanafikia.

Firdaus alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, mkono umefungwa bendeji safi. Alichukua moja kwa mkono wa kushoto. Aliogopa kwanza. Aliigusa goti kwa ncha ya kidole, akalikunja kidogo, kisha zaidi, kisha lote. Akaipigisha magoti juu ya daftari la babake, akaiinua, akaikalisha.

"Hii yakunja vizuri," akasema. Akanitazama usoni. "Ni nani aliyevumbua goti?"

Mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya siku kumi. Nilikuwa na kila haki ya kusema ni mimi niliyezichonga, na hakuuliza hilo.

"Kiilu," nikasema.

"Nilijua," akasema, akarudi kwenye mchezo wake.

Nilitaka kuongeza kwamba Kiilu nilimfundisha mimi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamwomba Mwanamina maji ya kunywa. Alisita kidogo, akaenda akaniletea.